Ugoko wa Mpagazi

Chukua ukanda wa sufu, upana wake kiganja, urefu mita mbili na nusu hivi. Anzia juu kidogo ya kifundo cha mguu. Zungusha mara mbili hapohapo, kaza, kisha panda nao taratibu, kila mzunguko ukilalia nusu ya ule wa chini yake kama vigae vya paa. Ukifika kwenye shavu la mguu, pale panapotuna, ukunje ukanda mara moja ulale sawa, usije ukaachia njiani. Malizia chini ya goti na ufunge kwa utepe. Ukikaza mno, damu haipiti na mguu unakufa ganzi kabla ya adhuhuri. Ukilegeza, kufika mto wa kwanza una mkia wa nguo unaburuta matopeni nyuma yako.

Waingereza vazi hilo walilitoa India pamoja na jina lake, linalotokana na patti, neno la Kihindi lenye maana ya ukanda au bendeji. Jeshi la miguu lilizungusha kutoka chini kwenda juu. Wapanda farasi walianzia gotini wakamalizia kifundoni, ili fundo lisikae pale mguu unaposuguana na tandiko. Mwenye macho aliweza kutazama fundo lilipo akajua huyu anatembea na yule anapanda, hata kama farasi mwenyewe hayupo.

Watu wa Dar es Salaam walianza kuiona mikanda hiyo enzi za Mjerumani. Askari wa jeshi la koloni alivaa kanzu fupi ya kaki, tarbushi iliyofunikwa kitambaa, mikanda ya bluu iliyoiva miguuni na viatu vya ngozi vya kufunga kamba. Ng'ambo ya mpaka, Keya, askari Mwafrika wa jeshi la Mwingereza, naye alikuwa na mikanda ya bluu, lakini wengi wao walikwenda pekupeku au kwa kubazi. Yaani mguu umevikwa kuanzia kifundo kwenda juu, kwa ukanda wa sufu kutoka kiwandani, na chini yake ni wayo mtupu juu ya mwiba. Sijaona bado picha iliyoueleza ukoloni kwa maneno machache kuliko hiyo.

Tarehe 4 Septemba 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliingia Dar es Salaam. Nyuma ya Keya na vikosi vya Wahindi walifuata watu ambao hawakuwa na mikanda wala viatu, na hao ndio waliobatiza sehemu ya mji. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Kambi yao iliwekwa magharibi ya mji, kwenye eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamejenga jumba la soko ambalo vita vililikuta bado halijaanza kazi. Wapagazi walilala humo. Soko lenyewe lilifunguliwa mwaka 1923, na jina la wale waliolala mle lilikuwa limekwisha kupita kwenye ndimi za watu likageuka Kariakoo. Jumba la sasa, lenye nguzo zinazochanua juu kama miavuli, ni la msanifu Beda Amuli na lilifunguliwa mwaka 1975. Ukitoka hapo kwa miguu kuelekea bonde la Msimbazi, unaipita mitaa ya nguo na vyombo, na muda si mrefu uko Jangwani.

Vita vile vilikuwa vya kutembea. Reli ya Kati na ile ya Tanga zilifika zilipofika, baada ya hapo ni porini, na mbung'o walimaliza nyumbu, farasi na ng'ombe. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Kwa upande wa Waingereza na washirika wao, wapagazi zaidi ya milioni moja waliandikishwa kwa nyakati mbalimbali, na makadirio ya waliokufa yanakaribia 100,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa.

Na miguu. Ugoko ni sehemu ya ajabu ya mwili: hauna nyama ya kuulinda, ngozi imelala juu ya mfupa moja kwa moja, na ndio unaotangulia kwenye majani. Mtu aliyebeba kilo 25 kichwani hatazami chini. Nyasi ndefu zinakata, kisiki kinachuna, inzi wanatua, na kwa mwili usiokula vizuri mchubuko ule unageuka donda ndugu. Jina linalifaa, kwani halikuachi. Utalala nalo, utaamka nalo. Chini zaidi kulikuwa na funza, mdudu aliyeingia Afrika ya Mashariki kutokea magharibi mwishoni mwa karne ya 19 na aliyekuwa akila vidole vya watu ambao hawakuwa na bibi wa kuwatoa funza kwa pini jioni. Ukanda wa mita mbili na nusu usingewaponya wote. Lakini ungezuia nyasi, na ndiyo kazi yake hasa. Wapagazi walipewa blanketi na namba.

Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha sanamu ya askari katikati ya mji, mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Wissmann iliyoondolewa walipoingia. Mchongaji alikuwa James Alexander Stevenson, na askari wake wa shaba ameinamisha bunduki yenye singe kuelekea bandarini. Maandishi ya chini yake, ambayo kwa Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling, yapo pia kwa Kiswahili na Kiarabu, na yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Nairobi mpagazi alichongwa kabisa, akasimama pamoja na wenzake. Dar es Salaam, mji uliobeba jina lake sokoni, umempa maneno tu.

Suala la nani avikwe ugoko na nani aachwe halikuanzia hapa. Mwaka 1505, Julai, Francisco de Almeida alishusha watu wake Kilwa, na mwezi uliofuata Mombasa. Walikuja na deraya za chuma, na pwani yetu, ambayo ilijua vita vya pinde, mikuki na majahazi, ikatazama watu waliovaa masufuria. Miaka 38 baadaye Wareno wa biashara ileile walifika kisiwa cha Tanegashima, Japani, wakiwa na bunduki. Huko hawakukuta watu wa kushangaa chuma. Walikuta mafundi waliokuwa wakitengeneza deraya kwa karne nyingi, ambao walizichunguza zile za Kireno, wakachukua walichokipenda, wakaendelea na yao.

Deraya ya miguuni huko inaitwa suneate, maana yake kitu kinachowekwa ugokoni. Za kale, za enzi ambazo samurai alikuwa mpiga mshale juu ya farasi, zilikuwa mabamba matatu mapana ya chuma yaliyounganishwa kwa bawaba, moja mbele na mawili ubavuni, yakikumbatia mguu kama bomba lililopasuliwa nyuma. Karne ya 14, vita vilipohamia zaidi ardhini na watu wakaanza kukatana miguu, ziliongezewa ngao kubwa za magoti zilizosimama juu. Zilikinga kweli. Pia zilimfanya mtu atembee kama anayevuka matope.

Baadaye, vita vilipokuwa vya majeshi makubwa yanayokwenda kwa miguu, fundi alilipasua bamba. Alichukua fito nyembamba za chuma, tano, sita au saba, akazisimamisha wima kuuzunguka ugoko, na kati ya ufito na ufito akasuka pete ndogondogo za chuma. Vyote akavishona juu ya kitambaa kigumu cha katani, nyuma yake kitambaa laini kisichoudhi ngozi. Aina hii inaitwa shino, kutokana na mianzi myembamba. Faida yake utaielewa ukijifunga kitu kigumu mguuni ukapanda ngazi. Shavu la mguu hutuna na kunywea kila hatua, na bamba zima haliafiki. Fito zenye pete katikati hupumua pamoja na mguu. Goti lilipewa kitambaa kilichojazwa vibamba vya pembe sita, vilivyopangwa kama gamba la kobe, vinavyokunjika. Mapaja yalifunikwa na kitu kingine, haidate, mfano wa aproni iliyopasuliwa katikati, inafungwa kiunoni na inaning'inia.

Upande wa ndani, chini, ambako mguu wa mpandaji husuguana na kikanyagio cha farasi, fundi aliondoa chuma akashona kipande cha ngozi. Ni fikra ileile ya fundo la wapanda farasi wa Kiingereza, isipokuwa hapa imewekwa ndani ya kazi yenyewe tangu inaposhonwa. Suneate zote zilivaliwa juu ya kyahan, soksi ya kitambaa isiyo na wayo inayofungwa kwa kamba chini ya goti na kifundoni, na nyayoni ni kandambili za majani ya mpunga.

Halafu ndipo pambo linapoingia, na kwa Wajapani pambo na kinga vimeshonwa pamoja. Nchi yao ina mvua na unyevu kama Pemba ya masika, na chuma tupu kingekufa kwa kutu msimu mmoja. Dawa yake ilikuwa utomvu wa mti unaoitwa urushi. Gome huchanjwa kiangazi, na mti wa miaka kumi na kitu hutoa utomvu usiozidi glasi moja, kisha hukatwa. Utomvu huo haukauki juani kama rangi ya mlango. Hukomaa kwenye chumba chenye joto na unyevunyevu, tabaka moja baada ya jingine, kila moja likisuguliwa kabla ya lifuatalo, mpaka chuma kinang'aa kama maji ya kisima usiku. Mweusi ulitoka kwa masizi au chuma, mwekundu kwa madini ya zebaki. Wapo mafundi waliotumia utomvu uleule kuigiza kutu, ili chuma kisichoweza kushika kutu kionekane kizee. Huo ni ujeuri wa fundi anayejijua.

Utomvu ukiwa mbichi huwasha na kubabua ngozi, na kwa sisi hilo halihitaji maelezo marefu. Urushi ni ndugu wa mwembe na mkorosho. Aliyewahi kubangua korosho Mtwara au Lindi bila kujipaka majivu au mafuta mikononi anajua ganda linavyochoma, na kinachochoma ni cha jamii moja na kinachombabua fundi wa Kyoto. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wajapani walianza kutengeneza rangi mbadala ya urushi kutokana na mafuta ya ganda la korosho, na baadhi ya vyombo vinavyouzwa leo vikionekana vya urushi vimepakwa hiyo.

Juu ya weusi ule fundi aliweka dhahabu: nembo ya ukoo, ua, au wimbi. Kingo alizizungushia ngozi ya paa iliyochapwa michoro kwa kiolezo. Kamba zilisukwa kwa hariri ya rangi. Kadiri vita vilivyokwisha, ndivyo pambo lilivyozidi. Kuanzia karne ya 17 ukoo wa Tokugawa ulishikilia nchi kwa amani ya zaidi ya miaka 200, mabwana wakalazimishwa kwenda na kurudi mji wa Edo kwa misafara, na deraya ikawa nguo ya kuonekana. Mafundi wa ukoo wa Myōchin waliuza jina lao kama vile majina ya viatu yanavyouzwa leo Mtaa wa Kongo.

Hiyo ni kwa bwana. Askari wake wa miguu, mwana wa mkulima, aliazimwa deraya kutoka ghalani: bamba la kifua, kofia ya chuma mfano wa chungio, vyote vya bei nafuu. Miguuni, mara nyingi, alibaki na kyahan ya kitambaa peke yake. Alitembea, bwana wake alipanda, na aliyepanda ndiye aliyevikwa chuma ugokoni.

Kuna mtu wa upande wetu aliyeyaona hayo kwa macho yake. Mwaka 1579 padri wa Kijesuiti Alessandro Valignano alitua Japani akiwa na mtumishi mweusi, ambaye maandishi ya Wajesuiti yanamtaja kuwa mtu wa Msumbiji. Mwaka 1581 Oda Nobunaga, mtawala mkali kuliko wote wa wakati ule, alimwita Kyoto, akaamuru asuguliwe kwa maji kuhakikisha rangi si ya kupakwa, kisha akampenda. Alimpa nyumba, posho na upanga mfupi. Wajapani walimwita Yasuke. Shajara moja ya wakati huo imeandika urefu wake, ambao kwa vipimo vya sasa ni kama mita 1.88, hivyo fundi wa suneate angelazimika kutafuta fito ndefu. Juni 1582 Nobunaga alisalitiwa na jenerali wake Akechi Mitsuhide na kufa katika hekalu la Honnō-ji. Yasuke alipigana mpaka alipotakiwa kutoa upanga wake, akautoa.

Mwisho wa samurai ulikuja kwa makaratasi. Mwaka 1871 himaya za mabwana zilifutwa, 1876 kubeba panga kulipigwa marufuku, 1877 uasi wa Satsuma ulizimwa na jeshi la vijana walioandikishwa, wana wa wakulima wenye bunduki. Na jeshi hilo jipya, mwanzoni mwa karne ya 20, lilifunga nini miguuni? Ukanda. Kyahan ile ya askari wa miguu ilirudi ikiwa ndefu ya kuzungusha, na kamba zake zikipishana mbele ya ugoko kwa alama ya mkasi.

Tuurudie mji. Vita vilikwisha kwetu tarehe 25 Novemba 1918, kamanda wa Wajerumani Lettow-Vorbeck aliposalimisha watu wake Abercorn, Mbala ya leo. Walionusurika walirudi na kitu ambacho hakikuwa ghalani kwa mtu: gwaride. Beni, ngoma iliyoanza pwani ya Kenya miaka ya 1890, ilikwisha kufika Tanganyika kabla ya vita, lakini askari na wapagazi ndio walioisambaza mpaka bara. Dar es Salaam ilikuwa na pande mbili, Marini na Arinoti. Marini walijitia usafi na ustaarabu wa pwani. Arinoti ilivuta vibarua na watu wa kuja. Kila upande ulikuwa na vyeo vya kijeshi, safu, tarumbeta, sare zilizoshonwa kwa michango, na hukumu kwa aliyevunja nidhamu.

Ngoma za zamani mguu ulilia kwa kilichofungwa juu yake. Njuga za shaba kifundoni. Au kule Pemba msewe, vifuko vya majani yaliyosukwa vyenye mbegu kavu ndani, ambavyo vimeipa ngoma nzima jina lake. Mcheza msewe akikanyaga, sauti inatoka mguuni kabla haijatoka kooni. Beni ilibadili hilo. Sauti ilikuwa ni ya miguu hamsini kugonga ardhi pamoja. Wazungu wa ofisini hawakuelewa kama wanadhihakiwa au wanasifiwa, wakaandika ripoti. Mimi nadhani jibu ni rahisi: mtu aliyepita vitani bila cheo wala kitu mguuni, akirudi anajipandisha cheo mwenyewe, na sare anajishonea.

Miaka ya 1930 Japani ilifika Kariakoo kwa njia nyingine. Mikataba ya bonde la Kongo ililazimisha ushuru sawa kwa bidhaa za mataifa yote, na vitambaa vya Kijapani viliingia kwa bei ambayo viwanda vya Manchester havikuiweza. Na raba za turubai zilikuja. Kwa mtu wa kima cha chini hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuvaa kiatu kipya cha kufunga.

Kisha mwaka 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia, Wajapani na wana wa Tanganyika walionana uso kwa uso. Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, yenye Keya kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, iliteremka bonde la Kabaw, Burma, kuanzia Agosti, katika masika. Barabara ilikuwa uji, malaria ilikuwa kila mahali, na ruba walipenya hata kwenye matundu ya kamba za viatu. Mapema Desemba waliingia Kalewa, kwenye mto Chindwin, ambapo wahandisi walitandaza daraja la chuma la mita 350 hivi. Safari hii Keya alikuwa na viatu. Mbele yake alikuwepo askari wa Kijapani mwenye mikanda miguuni na kamba za mkasi mbele ya ugoko, mjukuu au kitukuu wa aliyeazimwa kofia ya chungio. Wote wawili walikuwa wakitembea.

Jangwani sasa ugoko una biashara yake. Makao makuu ya Yanga, klabu ya soka iliyoanzishwa mwaka 1935, yako Mtaa wa Jangwani na Twiga, na siku ya mechi na Simba eneo zima ni njano na kijani mpaka kwenye matairi ya bajaji. Vikinga ugoko vinauzwa kando ya jezi, vimefungwa jozi jozi kwenye nailoni. Vilianza mwaka 1874 kwa mchezaji wa Nottingham Forest, Sam Weller Widdowson, aliyekata vikinga vyake vya kriketi akavifunga juu ya soksi na kuchekwa uwanja mzima. FIFA ilivifanya lazima mwaka 1990. Vya bei ya juu vina nembo, jina la mchezaji, hata dhahabu ya kubandika.

Kwenye mechi za mtaani, jioni, vijana wanaocheza kwenye uwazi wa bonde hawavinunui. Nilimwangalia mmoja akijiandaa, ameketi juu ya tofali. Alichukua boksi la sabuni, akalipasua kwa meno akapata vipande vinne vyembamba, virefu kama kiganja na nusu. Akavisimamisha wima kuuzunguka ugoko, kimoja pembeni ya kingine, akaacha nafasi kidogo kati yao, akavuta soksi juu. Kisha alitoa mfukoni ukanda wa mpira wa tairi la baiskeli, akauzungusha mara mbili chini ya goti na mara moja juu ya kifundo. Alisimama, akakunja mguu mara tatu kuona kama vinapumua. Cha upande wa ndani kilimsumbua. Akakichomoa, akakitupa, akaingia uwanjani.